Umeshindwa kesi: rufani, mapitio au marejeo?

Mama mmoja aliingia ofisini kwetu na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Akatoa hukumu ya Mahakama Kuu, kurasa kumi na nne za Kiingereza, akaiweka mezani kifudifudi.

"Mwanangu, mimi nataka mapitio."

"Mapitio, mama? Kwa nini isiwe rufani?"

"Rufani nimeambiwa muda wake umepita. Mapitio hayana muda."

Maneno hayo ya mwisho nayasikia karibu kila mwezi, na kila nikiyasikia roho inaniuma, kwa sababu si kweli, na anayeyaamini huteketeza siku chache zilizombakia. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yake na wengine walio kama yeye: mtu aliyeshindwa kesi ya madai au ya ardhi Tanzania Bara, ana hukumu mkononi, na anatakiwa achague njia. Kesi za jinai nitazigusa kidogo tu.

Kwanza tuelewane maneno. Mapitio na marejeo watu huyachanganya mno, hata kwenye habari za mahakamani utakuta hili limetumika mahali pa lile. Hapa ninaposema marejeo nina maana ya kurudi kwenye mahakama ileile iliyotoa uamuzi ili ijisahihishe. Mapitio ni pale mahakama ya juu inapoita jalada la mahakama ya chini na kukagua kama shauri liliendeshwa kihalali. Ukisoma mahali pengine, usitazame jina. Tazama ombi linapelekwa mahakama ipi, kisha utajua ni lipi.

Na kuhusu rufani na rufaa, ni kitu kimoja. Ninaandika rufani kwa sababu ndivyo mahakama yenyewe inavyojiita.

Ulalamike nini?

Kosa ninaloliona zaidi ni watu kuchagua njia kwa kuangalia urahisi wake. Kila mlango una malalamiko yake, na ukipeleka malalamiko yasiyo ya mlango huo utarudishwa hata kama haki ni yako.

Anayekata rufani anasema: mlipima ushahidi vibaya, au mlitafsiri sheria vibaya, kwa hiyo uamuzi si sahihi. Anayeomba mapitio anasema: shauri lenyewe liliendeshwa kinyume cha sheria, na mimi sina njia ya rufani, au nilikuwa nayo ikazibwa. Anayeomba marejeo anaiambia mahakama ileile: hapa mmeteleza, na mtelezo wenyewe unaonekana kwa macho bila mtu kutoa hoja ndefu.

Kama lalamiko lako ni kwamba jaji alimwamini shahidi muongo, hiyo ni rufani. Hata ulipambe namna gani haligeuki kuwa mapitio, na marejeo ndiyo kabisa.

Rufani

Hii ndiyo njia kuu, na kwa watu tisa kati ya kumi wanaokaa kwenye kile kiti mbele yangu ndiyo njia sahihi. Ndiyo pekee inayofungua kesi nzima. Katika rufani ya kwanza, mahakama ya juu ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake yenyewe. Katika rufani ya pili uwanja unabana: hoja za kisheria ndizo zinazosikilizwa, na mahakama mbili za chini zikiwa zimekubaliana kuhusu ukweli wa mambo, ni nadra sana Mahakama ya Rufani kuugusa ukweli huo.

Muda wa rufani unategemea kesi ilianzia wapi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi lina siku 90.

Ukifika mlango wa Mahakama ya Rufani, sasa unaongozwa na Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Kuna hatua mbili, na kila moja ina muda wake. Ya kwanza ni notisi ya kukata rufani: karatasi moja tu, inayosema hujaridhika na unakusudia kukata rufani. Inawasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufani, yaani upande wa pili wa kesi, anapelekewa nakala ndani ya siku 14 tangu iwasilishwe. Ya pili ni rufani yenyewe, yaani sababu za rufani pamoja na kumbukumbu zote za shauri, ndani ya siku 60 tangu ulipowasilisha notisi.

Yule mama alikuwa anasubiri nakala ya hukumu ndipo aanze. Akasubiri, akasubiri. Kanuni ya 83 inasema wazi kwamba huhitaji kuwa na dikrii (hati rasmi ya amri iliyotokana na hukumu) mkononi ili uwasilishe notisi. Hukumu ikisomwa asubuhi, notisi inaweza kuingia mchana. Laiti ningekuwa na uwezo, ningelibandika jambo hili kwenye kila mlango wa mahakama.

Kisha kuna barua. Siku 60 ni chache mno kupata mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani, kwa hiyo Kanuni ya 90 inakupa ahueni: ukiomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, siku ambazo Msajili atazitumia kuziandaa na kukukabidhi hazihesabiwi, na atakupa cheti kinachoeleza ni siku ngapi. Lakini ahueni hiyo ina sharti. Nakala ya barua yako lazima imfikie mjibu rufani. Nimewahi kuketi na mzee aliyekuwa na barua nzuri, imegongwa muhuri wa mahakama tarehe ya nane baada ya hukumu, kila kitu kimekaa sawa, ila pembeni hakuna saini ya mtu wa upande wa pili. Aliipeleka mahakamani, hakuipeleka kwa jirani yake aliyemshinda, kwa sababu walikuwa hawasalimiani. Cheti alichopewa hakikumsaidia, siku zote zikahesabiwa, rufani ikaonekana imeletwa nje ya muda. Alikuwa amelima shamba lile tangu ujana wake.

Kwa hiyo barua iwe na sehemu mbili za kupokelea: muhuri wa masjala, na chini yake jina, saini na tarehe ya aliyepokea upande wa pili au wakili wake. Tunza nakala hiyo kama hati ya nyumba. Na usilale baada ya hapo. Marekebisho ya 2019 yanamtaka Msajili awe na nakala tayari ndani ya siku 90, na wewe uzifuatilie mara ukitaarifiwa, au ndani ya siku 14 baada ya zile 90 kwisha. Anayesema "nilikuwa nasubiri kuitwa" siku hizi hasikilizwi kama zamani.

Kuna habari njema ambayo bado haijawafikia wengi. Zamani, kwa mashauri mengi ya madai, ulilazimika kwanza kuomba idhini ya kwenda Mahakama ya Rufani, na watu walikwama hapo miaka. Hitaji hilo liliondolewa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2023. Lakini mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo bado yanahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kufika juu. Mtu akikudai pesa ya kukuandikia ombi la idhini, muulize kwanza kesi yako ilianzia wapi.

Kwa mfungwa, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani nayo ni siku 30, na anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza. Kwenda Mahakama Kuu kutoka mahakama ya wilaya ni mapema zaidi: notisi siku 10, rufani siku 45.

Mapitio

Mahakama ya Rufani ilianzishwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na mahakama ya rufani ya pamoja kwenda nayo. Lakini mamlaka ya kufanya mapitio ya mashauri ya Mahakama Kuu haikuwa nayo tangu mwanzo, ilipewa kwa sheria ya mwaka 1993. Mara tu mlango ulipofunguliwa, watu waliochelewa rufani wakaanza kupitia humo, na ndani ya miaka mitatu majaji wakaweka mipaka ambayo inatumika hadi leo. Uamuzi unaotajwa zaidi ni wa 1996, Halais Pro-Chemie dhidi ya Wella A.G.

Mahakama ilisema hivi, kwa maneno yangu: sisi wenyewe tunaweza kuita jalada wakati wowote. Lakini mtu aliyekuwa na haki ya rufani hawezi kuiacha akaja na mapitio badala yake, isipokuwa kuna mazingira ya kipekee. Anayeweza kuja ni yule ambaye sheria haikumpa rufani, au aliyepewa lakini njia ikazibwa na mchakato wa mahakama wenyewe.

Soma tena hiyo ya mwisho. Kuzibwa na mahakama ni kwa mfano jalada kupotea masjala, au nakala kutotolewa licha ya kuombwa na kufuatiliwa. Kuchelewa kwako, kukosa nauli, au wakili wako kusahau, huko si kuzibwa. Hayo yana dawa nyingine nitakayoifikia.

Sasa mapitio yanamfaa nani hasa? Kuna mtu mmoja ambaye kwake ni silaha yenye makali: yule ambaye hakuwa sehemu ya kesi. Mume ameshtakiwa, ameshindwa, nyumba inapigwa mnada, na mke aliyechangia kuijenga hakuwahi kuitwa mahakamani. Huyo hawezi kukata rufani, kwa sababu rufani ni ya wenye kesi. Kama utekelezaji bado unaendelea, aanze kwa pingamizi la ukamataji kwenye mahakama inayokazia hukumu, yaani inayosimamia utekelezaji wake. Kama haki yake imeguswa na uamuzi wa Mahakama Kuu ambao hakusikilizwa, mapitio ndiyo njia yake, na hoja ya kunyimwa haki ya kusikilizwa ina uzito ambao majaji hawaupuuzi.

Na muda upo. Mapitio Mahakama ya Rufani ni siku 60 tangu uamuzi. Nadhani uvumi kwamba hayana muda umetokana na mambo mawili. Mahakama ikiita jalada kwa hiari yake haifungwi na siku hizo, na watu wanaona kama ruhusa hiyo ni yao pia. Halafu kuna mapitio ya Mahakama ya Wilaya juu ya Mahakama ya Mwanzo, ambayo ukomo wake ni miezi 12. Mtu akisikia jirani yake alipata mapitio baada ya miezi minane, anadhani ni kwa kila mahakama.

Jambo jingine: mapitio hayakuokoi katikati ya kesi. Uamuzi mdogo ambao haumalizi shauri, tuseme hakimu amekataa kuahirisha au amepokea hati usiyoitaka, hauna rufani wala mapitio. Unausubiri mpaka mwisho, kisha unaufanya kuwa moja ya sababu za rufani. Inauma kusubiri, lakini ombi la katikati litaondolewa na kesi yako itakuwa imesimama mwaka bure.

Marejeo

Huu ni mlango mwembamba, na wembamba wake unatofautiana kati ya mahakama na mahakama. Tofauti hiyo ndiyo ya kushika.

Katika mahakama zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, yaani kuanzia ya Wilaya hadi Mahakama Kuu, unaweza kuomba marejeo kwa sababu umegundua ushahidi mpya na muhimu ambao hata kwa bidii usingeupata wakati wa kesi, au kuna kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu, au sababu nyingine ya kutosha. Muda ni siku 30, na usiwe umeshakata rufani. Hii ni njia nzuri kwa makosa madogo yenye madhara makubwa: eneo limeandikwa ekari 3 badala ya 13, au jumla ya fedha imekosewa. Jaji anajua alichokusudia na anaweza kulinyoosha bila wewe kupanda ngazi.

Katika Mahakama ya Rufani, Kanuni ya 66 inataja sababu tano tu: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, mtu kunyimwa isivyo halali nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Ushahidi mpya haumo. Unaweza kuwa umepata hati ya 1974 chini ya godoro la marehemu baba, bado haumo. Ombi linaletwa ndani ya siku 60, linasikilizwa kadiri inavyowezekana na jopo lilelile, na likishaamuliwa hakuna marejeo ya pili.

Kosa la wazi lina kipimo chake: liwe linaonekana pale pale. Likihitaji kuelezwa kwa mlolongo mrefu wa hoja, na watu wawili wenye akili wakaweza kutofautiana juu yake, basi hilo si la marejeo. Kesi ambayo nchi nzima iliifuatilia ni ya mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wanawe wawili, yeye na mwanawe Papii Kocha wakabaki na kifungo cha maisha. Wakaomba marejeo, na 2013 ombi likakataliwa. Watu wengi mitaani walidhani ile ilikuwa rufani nyingine, kwamba kesi ilisikilizwa tena ikashindwa. Haikusikilizwa tena, kwa sababu marejeo hayafanyi kazi hiyo. Walitoka gerezani Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais, mlango ambao si wa mahakama kabisa.

Ushauri wangu kwa marejeo ya Mahakama ya Rufani ni mkali kidogo: kama huwezi kuonyesha kosa kwa kuweka kidole kwenye mstari mmoja wa hukumu, tunza pesa yako.

Muda ukiwa umepita

Basi dawa ni kuomba kuongezewa muda. Usibadilishe jina la ombi lako. Kama rufani ndiyo njia yako, omba uongezewe muda wa kuwasilisha notisi ya rufani. Mahakama Kuu inaweza kukupa, na ikikataa unaweza kupeleka ombi hilo Mahakama ya Rufani, ambako jaji mmoja atalisikiliza chini ya Kanuni ya 10.

Sababu ya kutosha ni nini, Kanuni hazikusema. Majaji ndio waliojaza pengo hilo, na uamuzi ambao kila wakili anautaja ni wa Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, Ombi la Madai Na. 2 la 2010. Unatakiwa ueleze muda wote uliochelewa, kuchelewa kusiwe kupita kiasi, uonyeshe bidii na si uzembe, na kama kuna jambo zito jingine, mfano uamuzi wenyewe una uharamu unaoonekana, uliseme. Kuhusu kueleza muda, mahakama haitanii. Ni kila siku. Hata siku moja isiyo na maelezo inaweza kukuangusha.

Wengine husema tangu 2018 sheria inataka mahakama itazame haki kuliko ufundi wa kisheria, kwa hiyo siku chache si neno. Kanuni hiyo ipo kweli, na imeokoa rufani nyingi zilizokuwa na karatasi iliyokosekana. Lakini mahakama imerudia mara nyingi kwamba haifuti masharti ya lazima, na ukomo wa muda ni mojawapo.

Na jambo ambalo halina uhusiano na mlango uliouchagua: kukata rufani hakumzuii dalali wa mahakama. Ukipata notisi ya kukaziwa hukumu wakati uko Mahakama ya Rufani, una siku 14 tu za kuomba usitishaji wa utekelezaji. Nimeona nyumba ikiuzwa huku mwenyewe ana notisi ya rufani mfukoni, akiamini karatasi ile inatosha.

Ukitaka kusoma maamuzi haya mwenyewe, tovuti ya TanzLII inayatoa bure, na ukiona TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Mengi bado yako kwa Kiingereza, ingawa sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tafuta mtu akusomee sehemu ya mwisho na ile inayoeleza sababu. Wakili mzuri hatachukia ukimwuliza "tunategemea uamuzi upi?"

Basi yule mama. Tarehe ya hukumu yake na siku aliyokaa mbele yangu zilikuwa zimeachana siku 71. Notisi ya rufani, imepita. Mapitio aliyoyataka, nayo siku zake 60 zimepita, na hata zisingepita, yeye alikuwa mdaiwa kwenye kesi tangu mwanzo, haki ya rufani anayo, wasingempokea. Njia yake ni kuomba kuongezewa muda wa notisi, na kazi yetu ilikuwa kuzieleza siku 41.

Nilichora mistari kwenye karatasi, siku ya 31 hadi ya 71, tukaanza kujaza. Siku hizi alikuwa hospitali ya wilaya na mjukuu, kadi ipo. Siku hii alipanda basi kwenda kufuatilia nakala, tiketi iko kwa binti yake. Siku hizi mbili zilikuwa mwisho wa wiki. Siku hii aliandika barua ya pili, muhuri huu hapa. Ilipofika jioni tulikuwa tumejaza mistari 35. Mistari sita ilibaki mitupu, katikati ya mwezi, akashika kichwa akijaribu kukumbuka alikuwa wapi, kisha akasimama, akasema anakwenda kumuuliza mwenyekiti wa kitongoji, maana anadhani ndiyo wiki ile walipokuwa na msiba.